Kabla hujaandika alama ya kwanza ya Kichina au Kijapani

Kwanza amua: Kichina au Kijapani? Wanaoanza huliona swali hili la kipuuzi, maana alama nyingi ni zilezile. Mkono hauoni hivyo. Chukua 田, shamba. Kuta tatu zikishasimama, mwalimu wa Beijing atachora ndani mstari wa mlalo kisha wa wima. Wa Tokyo ataanza na wima. Wote watafunga chini mwishoni. Japani ilitoa mwongozo wake wa mpangilio wa mipigo, yaani mistari ya kalamu inayounda alama, mwaka 1958, China bara ikatoa wake wa alama 7,000 mwaka 1997. Ukifuata video za huku na kule, mkono utabaki na nusunusu. Isitoshe, China bara ilianza kurahisisha maumbo mwaka 1956, ndiyo maana farasi ni 马 Beijing lakini 馬 Tokyo na Taipei.

Daftari liwe la hesabu, lile la miraba. Mimi nilianza na la mistari, na 明 yangu ikaachana: jua 日 huku, mwezi 月 kule, ikasomeka kama maneno mawili. Kalamu yoyote inatosha. Brashi ngoja kwanza.

Kisha zijue radikali, yaani vile vipande vinavyotumika kupanga alama kwenye kamusi. Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ina 214, ila thelathini hivi zinatosha kuanzia. Matone matatu 氵 ni maji: 河 mto, 海 bahari, 湖 ziwa. (Yamo pia kwenye 法, sheria. Hapo usiulize sana.) Wengi hukwama kwa kudhani kila kipande kinabeba maana. Tazama 清, 请, 情, 晴. Kulia zote zina 青, na kwa Kichina zote hutamkwa karibu na “ching”, kinachoweza kutofautiana ni toni tu. Kushoto ndiko kunakoamua maana: pakiwa na maji ni safi, pakiwa na maneno ni kuomba, pakiwa na moyo ni hisia, pakiwa na jua ni anga kweupe. Ukilijua hilo, alama ngeni unaweza kuikisia sauti kabla hata hujaifungulia kamusi.

Mpigo mmoja ni tangu kalamu iguse karatasi hadi iinuliwe. Kawaida huenda juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, na mlango hufungwa vitu vikishaingia. Mdomo, 口, una mipigo mitatu, si minne: ukuta wa kushoto, kisha dari linalokunja kona na kushuka kulia bila kuinua kalamu, halafu sakafu. Ukihesabu minne, kamusi ya karatasi itakupeleka ukurasa mwingine kabisa, kwa kuwa hutafutwa kwa radikali, kisha kwa idadi ya mipigo iliyobaki.

Jipime kwa 湖 kabla hujanunua kamusi hiyo. Maji ni mipigo mitatu. Upande wa kulia ukipata tisa, inunue.