Programu ya Kurekodi Mazoezi: Anza na Kidole Chenye Jasho

Mtu amemaliza seti ya tatu ya skwati. Mikono imelowa, pumzi zinamwenda mbio, na amebakiwa na sekunde 90 kabla ya seti nyingine. Ndani ya muda huo anataka kuandika kilo 60, mara 10, basi. Ukimpeleka kwenye menyu, akatafuta zoezi, akaandika namba kwa kibodi na kubonyeza "hifadhi", wiki haitaisha atakuwa amerudi kwenye daftari lake. Kwa hiyo kabla ya kufikiria nembo au rangi, chora skrini moja tu: ile ya kurekodi seti.

Skrini hiyo ifunguke ikiwa tayari imejazwa namba za mara iliyopita. Akirudia uzito uleule, aguse kitufe kimoja cha vema na seti iwe imeingia. Akibadilisha, awe na kitufe cha kuongeza na cha kupunguza: kilo 2.5 kwa uzito, 1 kwa marudio. Mwongozo wa Android unataka kitufe kisichopungua dp 48 kila upande, kama milimita 9 hivi (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini). Kwa kidole chenye jasho tunashauri dp 64, na nafasi ya dp 8 kati ya kitufe na kitufe. Vipange sehemu ya chini, gumba linapofika bila kubadilisha mshiko. Kitufe cha kufuta kikae mbali navyo, na badala ya kuuliza "una uhakika?" kila mara, futa papo hapo kisha onesha neno "rudisha" kwa sekunde 6 au 7.

Rangi nazo zina hesabu yake. Kipimo kinachotumika sana ni tofauti ya mwanga ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na mandharinyuma. Ndani ya nyumba kinatosha, lakini jua la mchana pwani ya Nungwi, Zanzibar, hakiliwezi. Lenga 7 kwa 1, herufi nyeusi juu ya nyeupe. Mandhari meusi yanapendeza usiku chumbani. Juani skrini inageuka kioo cha kujitazamia. Weka yote mawili, mtumiaji achague.

Kila seti iandikwe kwenye hifadhidata ya simu pale pale inapoguswa. Usisubiri "maliza mazoezi". Simu ikipigwa katikati, na kumbukumbu yake ikiwa ndogo, mfumo unaweza kuifunga programu yako bila kuaga, na jasho la dakika 40 likapotea.

Kipima muda cha mapumziko ndicho kinachoharibiwa zaidi. Wengi hutoa 1 kila sekunde: 90, 89, 88. Skrini ikizimika, hesabu inasimama au inachelewa. Hifadhi wakati wa kuisha, yaani wakati wa kugusa kujumlisha sekunde 90, kisha piga hesabu ya kilichobaki kila skrini inapochorwa. Tumia saa inayohesabu tangu simu ilipowashwa, kwa sababu saa ya kawaida ya simu inaweza kurekebishwa katikati ya zoezi. Mwisho wa muda simu itetemeke, maana sauti peke yake haisikiki penye muziki. Kuanzia Android 13 lazima uombe ruhusa ya kutoa arifa. Iombe pale mtu anapowasha kipima muda mara ya kwanza. Ukiiomba anapofungua programu tu, hajajua ya nini, atakataa.

Vyuma vyake mwenyewe

Programu nyingi zinadhani kila mtu yuko jimu yenye chuma cha kilo 20 na sahani zake. Mitaa ya Ng'ambo mjini Zanzibar, au Wete kisiwani Pemba, utamkuta mtu uani na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Lita moja ya zege ina takriban kilo 2.4, kwa hiyo kopo la lita 4 ni karibu kilo 9.6 na ndoo ya lita 20 ni karibu kilo 48. Makopo mawili ya lita 4 kwenye bomba la chuma yanakupa kilo 19 na ushee, bila kuhesabu bomba. Weka sehemu ya "Vifaa vyangu", ambapo anaandika jina na uzito wa kila kifaa mara moja tu. Baada ya hapo kitufe cha kuongeza kifuate vifaa hivyo. Hakuna maana kumpa hatua ya kilo 2.5 mtu mwenye makopo matatu.

Aina nne za zoezi zinatosha karibu kila hitaji: uzito na marudio, marudio peke yake, muda, na umbali pamoja na muda. Mwache aliite zoezi kwa jina analolijua, na utafutaji ukubali tahajia zaidi ya moja.

Kwa hifadhidata, majedwali manne: mazoezi, ratiba, vipindi na seti. Kosa kubwa ni kukiacha kipindi kisome ratiba moja kwa moja. Mtu akiongeza seti kutoka 3 hadi 5 mwezi wa Machi, vipindi vyake vya Februari vitaonekana kama aliacha seti mbili kila siku. Kipindi kinapoanza, nakili ratiba ndani yake. Uzito uhifadhi kwa gramu, namba nzima: kilo 2.5 ni 2500. Vitambulisho vya rekodi vitengenezwe na simu yenyewe kama UUID, yaani namba ndefu ya kubahatisha isiyojirudia, kwa sababu ukitumia 1, 2, 3, simu mbili zisizo na mtandao zitagongana zitakapounganishwa.

Saa, Ramadhani na maji

Onesha saa za Kiswahili. Jumlisha 6 kwenye saa ya mfumo wa 24, gawa kwa 12, chukua kinachobaki. Kikiwa 0, andika 12. Hivyo 06:00 inakuwa saa 12 asubuhi na 19:00 saa 1 usiku. Neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku lisikosekane kamwe, la sivyo kengele italia wakati mtu amelala.

Mwezi wa Ramadhani wengi huhamishia mazoezi kabla ya futari au baada ya tarawehe. Kipindi kilichoanza saa 5 usiku kikapita saa 6 kisikatwe vipande viwili. Tarehe yake iwe ya kilipoanza. Hesabu ya siku mfululizo, ile inayorudi sifuri ukikosa siku moja, iondoe kabisa. Inamwadhibu aliyefunga, na mgonjwa pia. Hesabu vipindi kwa wiki, na uweke kitufe cha "sitisha". Usiandike tarehe za Ramadhani ndani ya programu: mwezi unawahi kwa kama siku 11 kila mwaka, na kuandama kwake kunategemea kuonekana.

Wanaokimbia mchangani Paje na Jambiani wanafuata maji kupwa. Saa ya kupwa inachelewa wastani wa dakika 50 kila siku. Baada ya siku 7 imechelewa kwa muda wa karibu saa sita, yaani wakati uleule wa kukimbia wiki iliyopita sasa maji yamejaa. Kengele isiyobadilika haina faida kwao. Mwombe mtumiaji aingize saa ya kupwa ya leo, programu isogeze dakika 50 kila siku, naye airekebishe kila baada ya siku chache.

Kwa kupima umbali, vichochoro vya Mji Mkongwe ni mtihani: mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta ndefu, mstari unapita juu ya mapaa na kilomita zinaongezeka bure. Tupa nukta ya mahali yenye kosa linalozidi mita 20, na yoyote inayodai kasi ya zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Ruhusu umbali kusahihishwa kwa mkono. Wakati wa kukimbia weka arifa ya kudumu juu ya skrini, vinginevyo simu nyingi huizima programu kuokoa chaji.

Yote haya yafanye kazi bila bando. Michoro ya mistari inaeleza zoezi kwa kilobaiti chache, video inakula megabaiti. Usidai akaunti, wala picha ya mwili, wala uzito wa mtu. Simu nyingi hushikwa na watu zaidi ya mmoja nyumbani, na mwanamke anayefanya mazoezi chumbani kwake ana haki ya kufunga rekodi zake kwa namba ya siri.

Kabla ya kuitoa, tafuta watu watano wanaofanya mazoezi kweli. Vikundi vya mazoezi vya Maisara, mjini Zanzibar, ni pa kuanzia. Mmoja awe anayesoma kwa miwani, mwingine mwenye simu ya kioo kilichopasuka. Wape simu, kaa kimya, shika saa. Pima tangu chuma kinapogusa chini hadi seti iingie. Ikizidi sekunde 5, andika kidole kilisita wapi, rekebisha pale tu, kisha rudi kwa watu walewale baada ya wiki.