Kabla bwana afya hajaingia dukani: kwa wauza aiskrimu wa mjini

Tukisikia bwana afya yuko mtaa wa pili, wengi wetu tunakimbilia ufagio na dawa ya sakafu. Sakafu ataiangalia, ndiyo, lakini mkaguzi anayeijua kazi yake huanza na kopo la maji linalokaa kijiko cha kuchotea.

Maji yale yana maziwa na sukari. Kwa joto la Darajani, hapa mjini Unguja, hayachukui muda kugeuka kitalu cha vijidudu, na kila koni inayofuata inapata fungu lake. Kama bomba lako lina maji ya uhakika, yaache yatiririke juu ya kijiko. Kama huna, achana na kopo: kila ladha iwe na kijiko chake, vyote vioshwe na kubadilishwa mara kwa mara. Tangi la juu nalo lipande ulione mwenyewe, maana mji huu kipindupindu tumeshakiona, na tangi lisilo kifuniko ni kisima cha kunguru.

Baada ya maji, baridi. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Usiamini namba ya mlangoni. Nunua kipimajoto, kitie kwenye gilasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo. Kikisoma sifuri, ni kizima. Andika joto kwenye daftari asubuhi na jioni, lakini usilijaze lote usiku mmoja kwa kalamu moja, hilo linajulikana. Na baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Kipo kijidudu kiitwacho Listeria, hukua hata ndani ya jokofu. Kwa hiyo mchanganyiko wa maziwa na mayai upikwe kwanza, nyuzi 69 kwa nusu saa, kisha upozwe upesi hadi chini ya nyuzi 5.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Sisi tuliokaa bila umeme Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 tunajua jinsi mkono unavyowasha kutaka kuchungulia. Iliyoyeyuka imwagwe, hata kama kesho ni sikukuu. Ukiigandisha tena, chembe za barafu zitakusema kabla mkaguzi hajafungua mdomo.

Mwenye mashine ya aiskrimu laini aifungue yote, mpaka vile vipete vya mpira. Uchafu hujificha humo, na kuipitishia maji ya moto peke yake hakutoshi.

Karatasi ni rahisi: leseni, kibali cha Wakala wa Chakula na Dawa, vyeti vya wafanyakazi vya kupimwa afya. Viweke pamoja dukani, visiwe nyumbani kwenye sanduku la mama.

Siku moja kabla, mtume mtoto wa jirani akanunue koni. Wewe kaa kando, uangalie kama mkono uliopokea noti ndio ulioshika koni.