Namna ya Kuandaa Matembezi ya Kuyasoma Majengo

Watu wengi hupita mbele ya jengo lilelile miaka nenda miaka rudi bila kuinua macho juu ya usawa wa mlango. Mihadhara na maonyesho ya michoro huwavuta wale ambao tayari wanaupenda usanifu majengo, asiyeujali haji. Matembezi ya kuongozwa huwafikia hata hao, kwa sababu hufanyika mtaani kwao, mbele ya kitu wanachokijua. Jane's Walk, matembezi yaliyoanza Toronto mwaka 2007, huongozwa na wakazi wenyewe bila kiingilio. Kwa hiyo shahada ya usanifu si sharti. Sharti ni maandalizi.

Kupanga njia

Anza na hesabu ya muda. Kundi hutembea taratibu kuliko mtu mmoja, kama kilomita 3 kwa saa, hivyo njia ya kilomita 1.5 huchukua dakika 30. Vituo vinane vya dakika 6 ni dakika 48. Kila kituo kiongezee dakika 2 za kuwasubiri walio nyuma: 16. Jumla ni dakika 94, na hapo panatosha. Kosa linaloharibu matembezi mengi ni kuongeza kituo cha tisa na cha kumi kwa sababu tu jengo linapendeza. Liache kwa siku nyingine.

Usichague majumba ya fahari peke yake. Changanya: ghorofa la kupanga, ghala, shule, kituo cha mabasi. Open House, iliyoanza London mwaka 1992, hufungua bure milango ya majengo ya kila aina, zikiwamo nyumba za watu, na wengi huvutiwa na zile za kawaida kwa sababu wanaweza kulinganisha na makao yao.

Ipite njia mapema, siku ileile ya wiki na saa ileile utakayoongoza. Sikiliza kelele: ukilazimika kupaza sauti, tafuta kona nyingine. Angalia jua pia. Uso wa jengo unaotazama mashariki upangie asubuhi, wa magharibi alasiri. Mwanga wa pembeni hutokeza vivuli vya mapambo na viungo vya mawe, ilhali jua likiwa nyuma ya jengo watu huona giza na kufumba macho.

Umbali wa kusimama nao una kanuni. Ukisimama umbali ulio sawa na kimo cha jengo, unaangalia juu kwa nyuzi 45 na unaona vipengele vidogo tu. Ukirudi nyuma hadi mara mbili ya kimo, pembe hushuka hadi nyuzi 27 hivi na jengo zima huingia machoni. Mara tatu, utaliona pamoja na majirani zake. Kwa jengo la mita 12, weka kundi mita 24 kwanza, kisha lisogeze karibu.

La kusema katika dakika sita

Usianze na mwaka wala jina la msanifu. Msikilizaji akipewa tarehe kabla hajaona kitu, huisahau kabla ya kufika kituo kinachofuata. Dakika ya kwanza iwe ya kutazama kimya. Kisha uliza swali linalojibika kwa macho: uzito wa paa hili unafikaje chini? Subiri majibu, hata kimya kikirefuka.

Swali hilo moja lina mengi ndani yake. Jiwe huhimili kugandamizwa lakini hukatika upesi likivutwa, na linta, yaani boriti ya mlalo juu ya mlango au dirisha, inapolemewa, upande wake wa chini huvutwa. Ndiyo maana nafasi zilizozibwa juu kwa linta ya jiwe huwa nyembamba. Tao huugeuza uzito kuwa mgandamizo na kuusukuma pembeni, hivyo nafasi hupanuka, ila kuta za kando lazima ziwe nene. Katika zege, nondo hubeba mvuto huo. Nguzo zikishika mzigo, ukuta huwa pazia tu na dirisha laweza kuenea kutoka kona hadi kona. Mtu akilielewa hili, ataanza kukadiria umri wa majengo mwenyewe.

Kisha wafuatishe njia ya maji. Chini ya kizingiti cha dirisha kinachotokeza nje, mara nyingi huwa kuna mfereji mwembamba. Tone la mvua hutambaa chini ya kizingiti kuelekea ukutani, likifika kwenye mfereji linashindwa kuendelea na kudondoka. Rangi ikiuziba, au fundi akiusahau, utaona michirizi myeusi ukutani chini ya dirisha. Katika majengo ya zamani ya mawe na chokaa, onyesha mahali palipopigwa lipu ya saruji: saruji hufungia unyevu ndani, chumvi hujitokeza na lipu hubanduka vipande. Hapo watu hufahamu kwa nini ukarabati wa haraka waweza kuliumiza jengo.

Kituo kimoja kiwe cha kuchora. Gawa karatasi na penseli laini, toa dakika tatu, na useme wazi kwamba hakuna atakayeonyesha mchoro wake. Anayechora hulazimika kuhesabu madirisha.

Watu, ruhusa na usalama

Watu 15 hadi 20 wanatosha. Wakizidi, wa nyuma hawasikii na njia ya wapita kwa miguu huziba. Mbele kuwe na kiongozi, nyuma msaidizi anayehakikisha wote wanavuka barabara pamoja. Usiwasimamishe mlangoni mwa mtu.

Kuingia ndani kunahitaji ruhusa ya maandishi inayotaja tarehe, saa, idadi ya watu, vyumba vitakavyoonwa na kama picha zinaruhusiwa. Mkiona ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, eleza kwamba huenda msingi umetitia, lakini usitangaze mbele ya kundi kuwa jengo ni hatari. Mwambie mwenye nyumba faraghani amwite mhandisi wa miundo.

Ukitaka tarehe ya kushikiza tangazo lako, iko 18 Aprili, siku ya kimataifa ya minara ya kumbukumbu na maeneo ya kihistoria, na Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, siku ya usanifu majengo duniani. Kwa kuwa Jumatatu watu wako kazini, fanya matembezi Jumamosi au Jumapili iliyotangulia.

Mwishoni usigawe dodoso refu. Muulize kila mmoja jengo gani atalirudia kulitazama, na uandike majibu. Kituo kisichotajwa na yeyote mara mbili mfululizo kiondoe, au badilisha mahali unaposimamia.