Makro ya Excel isigome ukibadilisha kompyuta: ondoa njia za faili ndani ya msimbo

Ofisi nyingi za mawakala wa forodha hapa Mombasa huendesha kazi zao kwa Excel: orodha ya makontena, ankara, hesabu ya siku za bure bandarini (siku ambazo kontena hukaa bila kulipiwa). Makro, yaani msimbo mfupi unaoifanya Excel itende kazi yenyewe, inafanya kazi vizuri, mpaka siku kompyuta inabadilishwa. Asubuhi inagoma kwa kosa namba 1004, na mteja ana kontena Kilindini ambalo siku zake za bure zinaisha leo. Ukifungua msimbo unakuta mstari kama huu:

```
Workbooks.Open "C:\Users\mhasibu\Desktop\Makontena\manifesti.xlsx"
```

Hiyo ni njia ya faili, yaani anwani ya mahali faili ilipo. Mstari huo unadai mtumiaji awe "mhasibu", folda iwe kwenye Desktop, na pasiwe na mtu atakayeibadilisha jina. Faili kukaa wapi ni habari ya kompyuta husika, na msimbo hauna haja ya kuikariri.

Hatua ya 1: Zitafute njia hizo. Bonyeza Alt+F11, kisha Ctrl+F. Andika `:\` na uchague Current Project ili utafute moduli zote kwa pamoja. Rudia kwa `\\`, maana njia za seva huanza hivyo.

Hatua ya 2: Anzia pale makro ilipo. Ikiwa manifesti (faili yenye orodha ya mizigo) inakaa folda moja na faili yenye makro, `ThisWorkbook.Path` inakupa folda hiyo, popote ilipohamishiwa.

Hapa ndipo wengi huteleza: wanaandika `ActiveWorkbook.Path`. `ThisWorkbook` ni faili iliyobeba msimbo, basi. `ActiveWorkbook` ni ile iliyo mbele ya macho wakati huo, na mara tu makro inapofungua manifesti, manifesti ndiyo inakuwa mbele. Mstari unaofuata unasoma folda nyingine kabisa. Vilevile usiandike jina la faili peke yake ukitumaini Excel itajua. Itatafuta kwenye folda inayotumika kwa wakati huo, na folda hiyo inaweza kubadilika mtu akifungua faili nyingine kwa mkono.

Angalia mambo mawili. Faili ambayo haijahifadhiwa bado hurudisha njia tupu. Na faili iliyo kwenye OneDrive mara nyingi hurudisha anwani inayoanza na `https`, ambayo ukaguzi wa faili hapa chini hauielewi.

Hatua ya 3: Ikiwa manifesti inakaa folda nyingine, iandike njia yake kwenye seli. Tengeneza shiti iitwayo Mipangilio, chagua seli moja, uipe jina `FoldaYaManifesti`. Karani asiyejua msimbo ataweza kuirekebisha mwenyewe, na kwangu hilo lina thamani kuliko ufundi wowote. Kama faili ziko kwenye seva, andika `\\seva\makontena` badala ya `Z:\`. Herufi ya diski hupangwa kwa kila kompyuta, kwa hiyo Z ya mezani kwako huenda ikawa Y kwa mwenzako.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kufungua, na ukikosa, uliza.

```
Sub FunguaManifesti()
    Const JINA As String = "manifesti.xlsx"
    Dim fso As Object, seli As Range, folda As String
    Set fso = CreateObject("Scripting.FileSystemObject")
    Set seli = ThisWorkbook.Worksheets("Mipangilio").Range("FoldaYaManifesti")

    folda = seli.Value
    If folda = "" Then folda = ThisWorkbook.Path

    Do Until fso.FileExists(fso.BuildPath(folda, JINA))
        With Application.FileDialog(msoFileDialogFolderPicker)
            .Title = "Chagua folda yenye " & JINA
            If .Show <> -1 Then Exit Sub
            folda = .SelectedItems(1)
        End With
        seli.Value = folda
    Loop

    Workbooks.Open fso.BuildPath(folda, JINA)
End Sub
```

Seli ikiwa tupu, makro inaangalia folda yake yenyewe. Isipoona faili, inamfungulia mtumiaji dirisha la kuchagua folda na kuandika jibu kwenye seli. Ukihifadhi faili, kesho haitauliza tena. Akibonyeza Cancel, inatoka bila kelele. `BuildPath` huongeza mkwaju (`\`) pale tu unapokosekana, kwa hiyo `D:\` na `D:\Makontena` zote zinakubalika. Nimechagua `FileExists` badala ya `Dir` kwa sababu `Dir` inaweza kutoa kosa ikipewa diski isiyokuwepo, wakati `FileExists` hujibu hapana tu. Msimbo huu ni wa Windows. Kwenye Mac hautafanya kazi ulivyo.

Hatua ya 5: Ijaribu mbali na mezani kwako. Nakili folda nzima kwenye flashi, ibadilishe jina na uweke nafasi katikati ya maneno, kisha uifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Halafu hamisha manifesti peke yake, uone kama dirisha la kuchagua linatokea.

Ikiwa faili umeituma kwa barua pepe au WhatsApp na makro zimezuiwa hata kabla ya kuanza, usirudi kuhangaika na njia. Hiyo ni Windows inayotilia shaka faili iliyotoka kwenye intaneti. Funga Excel, bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, weka tiki kwenye Unblock, kisha uifungue upya.