Somo: kupanga mzigo wa soko ndani ya kofre (buti ya gari) ufike salama

Kila Jumamosi jioni naulizwa lile lile: "Mama, nyanya zimepondeka tena, nifanye nini?" Nimeona niandike mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa. Bukavu, huku Kongo, si mji wa tambarare. Ukitoka soko la Kadutu unateremka, ukifika chini unapanda tena, na katikati kuna mashimo. Sashe (mfuko wa plastiki) uliyoitupa tu kofreni itakwenda mbele, nyuma na pembeni kabla hujafika Panzi.

Hatua ya 1. Toa kriki (jeki), ufunguo wa tairi na chupa tupu zinazobingirika.

Hatua ya 2. Tandika shitingi (turubai la plastiki), kingo zake ziinuke pembeni, ili kitakachomwagika kibaki humo humo.

Hatua ya 3. Vizito vitangulie: mfuko wa unga, viazi, mchele. Viweke chini kabisa, vikigusa mgongo wa kiti cha nyuma, usiache hata nafasi ya kiganja. Mzigo ulioegemea kiti hauna pa kuchukulia mwendo unapofunga breki ghafla. Ulioachwa mbali huja na kilo zake zote kupiga kiti alichokalia mtoto. Na ukivilaza viti vya nyuma ili upate nafasi, funga mzigo kwa kamba kabla hujaondoka, maana hakuna tena cha kuwakinga walioketi mbele.

Hatua ya 4. Mafuta ya mawese. Hapa msome polepole. Yaliwahi kunimwagikia, na kapeti iliyokunywa mawese haisafiki: sabuni inaisha, rangi inabaki. Mnadhani ni kizibo kibovu, lakini mara nyingi ni joto. Asubuhi huku kwetu kuna baridi, mafuta yameganda nusu, muuzaji anajaza bido (dumu) mpaka shingoni na kila kitu kinaonekana kimefungwa vizuri. Saa sita motokari imesimama juani, mafuta yanayeyuka, yanapanuka, yanajitafutia njia kwenye kizibo. Kwa hiyo mwambie muuzaji apunguze, pabaki vidole vitatu juu. Kabla ya kukaza kizibo, funika mdomo wa bido kwa kipande cha sashe safi. Kisha panguza kizibo kikauke, geuza bido kichwa chini hapo hapo mbele ya muuzaji, na ushike karatasi chini yake kwa muda. Karatasi ikiwa na doa jekundu, omba bido nyingine, usione haya. Ikiwa kavu, simamisha bido ndani ya ndoo, na ndoo uibane kwenye kona ya nyuma ya kiti. USIILAZE. Usiiweke juu ya kitu chochote. Usiiweke kando ya unga. Na kama umenunua javeli (dawa ya kuondoa madoa) au mafuta ya taa, yakae kona ya upande wa pili, nayo ndani ya ndoo yake yenye kifuniko.

Hatua ya 5. Sashe haina miguu, haisimami peke yake. Ingiza sashe zote ndani ya katoni au kikapu, na mapengo yanayobaki jaza sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha) au kitenge cha zamani. Kitu kilichobanwa hakitembei.

Hatua ya 6. Tafuta mpira wa ndani wa tairi, ukate kamba ndefu, ufunge toka pete hadi pete za sakafu ya kofre, upite mbele ya katoni za mwisho. Kamba ya kawaida hulegea kwenye mashimo, mpira unavuta na kurudi.

Hatua ya 7. Mayai hayakai kofreni. Plato (trei) ya mayai 30 ifunike kwa plato tupu, ifunge msalaba, iweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele.

Hatua ya 8. Ukifika nyumbani kwenye mteremko, simamisha motokari matako yake yakiangalia juu, mzigo uegemee viti. Kama haiwezekani, fungua kofre kidogo tu, tia mkono ndani ushikilie kwanza.

MASWALI

Mkaaji wa Bagira: Mama, sina shitingi, sina katoni, sina mpira. Nyanya niziweke wapi?
— Kwenye ndoo ngumu, zilizoiva juu. Ndoo huna?

Kijana wa Nguba: Nimefanya yote na mafuta bado yamemwagika.
— Ulitia sashe chini ya kizibo?

Kijana wa Nguba: Hapana, kizibo kilikuwa kipya.
— Basi hukufanya yote. Hatua ya 4, tangu mwanzo.

Papa Mwendeshaji: Mimi naweka kila kitu ndani ya gunia moja kubwa, nafunga, basi. Miaka mingi. Haya yote ya nini?
— Papa, kwa heshima yako, gunia linafaa mihogo na makala (mkaa). Weka ndani yake avoka na plato ya mayai, halafu utuambie umekuta nini. Somo hili nimewaandikia wanaonunua vya aina nyingi.

Dada wa Panzi: Asante sana Mama. Nauliza kuhusu sambaza (samaki wadogo) mbichi. Hata nikitandika shitingi harufu inabaki siku nyingi. Inapita wapi?
— Swali zuri, dada. Maji ya samaki hupita pembeni, pale shitingi inapokunjika, yanashuka chini ya kapeti na kuingia kwenye sponji. Juu unaosha, chini kunaoza. Inua kapeti yote, kamua, anika juani hadi ikauke kabisa ndipo urudishe. Siku nyingine sambaza mbichi ziingie kwenye ndoo yenye kifuniko. Makayabu (samaki wa chumvi) pia uyachunge: maji yake yana chumvi, na chumvi inakula chuma cha sakafu pole pole bila wewe kuona.

Mkaaji wa Kabare: Na kuku hai?
— Kofre iliyofungwa inamuua kwa joto. Mtie kwenye kikapu, umfunike kwa kitambaa chepesi, akae ndani pamoja nanyi, dirisha wazi.

Kijana wa Nguba: Mama, samahani kwa jana. Nimetia sashe, karatasi imetoka kavu. Sasa nauliza: nikivuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, Rwanda, naweza kupita na mzigo wangu ndani ya sashe?
— Hapana. Rwanda ilikataza sashe za plastiki kwa sheria tangu 2008, na mpakani wanapekua. Hamishia kila kitu kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa kabla hujafika darajani. Hata kwetu kuna amri ya Desemba 2017 inayozikataza, ingawa sokoni bado unapewa. Kile kipande cha chini ya kizibo nacho kibadilishe: tumia kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili, kaza kizibo juu yake, kisha urudie kipimo cha karatasi, maana kitambaa hakizuii kama sashe.