Mzazi aliyepungukiwa damu: namna ya kumpikia, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nauandika kwa anayepika. Mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua karibuni, mwenye damu 8 au 9 hana nguvu ya kusimama jikoni. Akiambiwa kituoni "ule mboga za majani, unywe juisi", anarudi nyumbani kulala, na chungu kinapikwa vilevile kilivyopikwa jana. Basi nasema na mama yake, mkwewe, wifi yake, au mumewe kama ndiye aliyeshika upawa.

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Pemba. Nyumba nyingi ninazoingia chakula cha kurudisha damu kimo ndani: dagaa wapo, choroko zipo, ndimu zinaozea chini ya mti. Kinachoharibu ni mpango wa kula, yaani nini kinaliwa pamoja na nini, saa ngapi, na mnofu unaishia kwenye sahani ya nani.

Hatua ya 1: Jueni damu ni ngapi na inapotelea wapi

Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na gramu 12 za himoglobini kwa desilita au zaidi, na mjamzito 11. Hiyo ndiyo namba tunayoisema tunaposema "damu yangu tisa". Ikishuka chini ya 8, au mzazi anahema naye amekaa tu, moyo unamwenda mbio, anaona kiza akisimama, au pedi inajaa damu ndani ya saa moja, hapo hakuna tena habari ya supu. Mpelekeni hospitali, iwe Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee kule Mkoani, saa hiyohiyo. Huenda akahitaji kuongezwa damu.

Kama hali si ya dharura, ulizeni sababu kabla ya kununua maini. Damu ya uzazi ni sababu moja. Kwetu Pemba kuna nyingine: minyoo wa safura, ambao huingia kwa ngozi ya mtu anayetembea peku kwenye udongo, wakaenda kujishikiza kwenye utumbo na kunyonya kidogo kidogo, na kichocho, kinachotoa damu kwenye mkojo. Malaria imepungua sana visiwani lakini haijaisha. Minyoo ya kisiwa hiki imechunguzwa miaka mingi, na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, ni moja ya sehemu zinazofanya kazi hiyo. Kumlisha vizuri mtu mwenye safura asiyepewa dawa ni kujaza mtungi uliotoboka. Na mwenye siko seli (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi) asipewe vidonge vya chuma mpaka daktari aseme, maana upungufu wake una asili nyingine.

Hatua ya 2: Hamisheni chai

Hii haigharimu hata shilingi, na ndiyo inayonipa upinzani mkubwa kuliko zote.

Angalieni chai ya asubuhi ya kawaida: maandazi, mbaazi za nazi, na chupa ya chai imewekwa karibu na kitanda ili mzazi ajimiminie kila akitaka. Mbaazi zina chuma. Lakini chuma cha nafaka, kunde na majani ni kigumu kunyonywa na mwili, na chai ikiingia tumboni wakati huohuo, ule ukakasi wake hukishika kikapita bila ya kuingia kwenye damu. Kikombe kimoja pamoja na mlo wa namna hiyo kinaweza kupunguza chuma kinachonyonywa kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo inafanya kazi hiyohiyo. Maziwa pia yanazuia, ingawa si kwa kiasi hicho.

Simkatazi mtu wa Pemba chai. Naihamisha tu. Mpango ninaowapa watu ni huu: saa 1 asubuhi mbaazi na maandazi, au muhogo na dagaa, pamoja na maji ya machungwa, kipande cha embe au mapera, au maji ya ndimu. Chai ije saa 3, peke yake. Chakula cha mchana saa 7, chai nyingine baada ya alasiri, saa 10. Usiku hivyohivyo. Shikeni kanuni moja tu: kati ya chakula na chai zipite saa 1 hadi 2. Na ile chupa iondoke pale kitandani, kwa sababu ikikaa karibu itanywewa.

Machungwa na ndimu hayapo pale kwa ladha. Vitamini C inakifungua kile chuma kigumu cha mimea na kukirahisishia njia. Kwa hiyo chungwa linaliwa pamoja na chakula. Likiliwa baadaye alasiri ni tunda zuri tu, lakini kazi hii haliifanyi.

Nikiwa hapo hapo kwenye vinywaji: soda nyekundu haiongezi damu. Najua inapelekwa hospitali kwa katoni, tena kwa mapenzi. Ni maji, sukari na rangi. Pesa hiyo inanunua fungu la dagaa.

Hatua ya 3: Mnofu uende kwa mgonjwa

Chuma cha nyama, maini, samaki na pweza kinanyonywa vizuri zaidi kuliko cha mboga, na kipande kidogo cha mnofu kwenye sahani kinavuta pia kile cha kunde kilicho karibu nacho. Sasa tazameni samaki anavyogawiwa. Vipande vya katikati vinaingia kwenye sinia la ukumbini. Mkia, kichwa na mchuzi vinabaki jikoni, na mzazi anapelekewa wali uliorowa mchuzi. Mchuzi ni mtamu, lakini chuma cha kutegemea kimebaki kwenye nyama. Supu ya mifupa ndiyo hivyohivyo: inampa joto na maji, si damu.

Mtengeeni kipande chake kabla sinia halijatoka, kiasi cha kiganja chake bila ya vidole. Waume wengi hawana tatizo na hilo wakielezwa. Mara nyingi hawajui kwamba jikoni kumebaki mkia.

Pweza ana chuma kingi. Chaza na kombe wanawashinda hata nyama nyingi, na wakati wa bamvua wanawake wenyewe wanawaokota bure. Wapikwe mpaka waive kabisa, na wasiokotwe karibu na mitaro ya maji machafu. Maini ya ng'ombe mara moja au mbili kwa wiki yanatosha kwa aliyekwisha kujifungua. Mjamzito asiyafanye ya kila siku, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno na inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Wapo wazee wanaomkataza mzazi samaki au pweza katika arubaini. Sibishani nao mbele ya mgonjwa. Nauliza ni kitoweo gani wanakiruhusu, na karibu kila mara kuku wa kienyeji anaruhusiwa, basi naanza na kuku: paja na maini yake yawe ya mzazi.

Hatua ya 4: Chungu cha choroko na dagaa

Hiki ndicho chakula ninachokifundisha mara nyingi, kwa sababu hata siku mfuko umekauka kinawezekana.

Jioni, chambueni vikombe 2 vya choroko, zioshwe na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi mwageni maji, ziachwe kwenye chujio au ungo mmefunika kitambaa kibichi, na kitambaa kinyunyiziwe maji mchana na jioni. Siku ya pili mtaona vijimkia vyeupe vimechungulia. Choroko zilizochipua zimepunguza kile kinachozuia chuma, tena zinaiva upesi na hazijazi gesi sana, jambo ambalo mzazi aliyeshonwa atawashukuru.

Dagaa wakavu wajae viganja viwili. Wasugueni kwenye maji ya vuguvugu, mwage, mrudie mpaka maji yatoke bila ya mchanga. Msitupe vichwa kama ni wadogo. Wakaangeni kwenye mafuta kidogo mpaka walie wakigeuzwa, wekeni pembeni.

Chemsheni choroko kwa maji ya kuzifunika tu mpaka zilainike. Kwenye sufuria nyingine kaangeni kitunguu, thomu na nyanya 2, kijiko cha bizari ya manjano, kisha mimineni choroko na tui jepesi la nazi 1. Likichemka, tieni dagaa na konzi mbili za mchicha au majani ya mlonge yaliyochambuliwa. Mboga ikinywea tu, tieni tui zito, koroga, epua.

Sasa subirini. Ndimu inakamuliwa sahanini, chakula kikiwa kimeshapoa kiasi cha kuliwa. Ikikamuliwa jikoni ikachemka, vitamini C yake nyingi inakufa kwa moto na mmebaki na ukali tu. Nusu ndimu kwa sahani ya mzazi, juu ya choroko, mbele yake.

Mkitaka kisamvu badala ya mchicha, kitwangwe na kuchemshwa sana kwenye sufuria isiyofunikwa kabla ya kutiwa tui. Kisamvu kisichoiva vizuri kina sumu.

Hatua ya 5: Asiyetaka kula

Mwenye damu ndogo mara nyingi hana hamu ya chakula, na anayenyonyesha anahitaji kama kilokalori 500 zaidi kwa siku kuliko alivyokuwa kabla ya mimba. Msimletee sinia. Mleteeni vibakuli vidogo mara tano au sita.

Uji wa pilipili manga, tuliolelewa nao uzazi wote, una kazi yake: unamfungua kinywa na kumtia nguvu. Upungufu wake ni kwamba unga wa mchele na sukari peke yake haujengi damu. Tieni unga wa mtama nusu kwa nusu, na vijiko 2 vya karanga au ufuta uliosagwa. Pilipili manga ibaki palepale.

Mkimwona anatafuna udongo, mchele mbichi au barafu, msimcheke. Mara nyingi ni alama ya kupungukiwa na chuma, na udongo unazidi kukizuia chuma na kumletea minyoo. Damu ikipanda, hamu hiyo kwa kawaida huondoka.

Arubaini ikiangukia Ramadhani, mwenye nifasi (damu ya uzazi) hafungi, kwa hiyo apikiwe mchana kama siku nyingine. Nimewakuta wazazi wanakula kokwa mbili za tende kwa kujificha kwa sababu moto hauwashwi mpaka alasiri. Akitoka kwenye nifasi naye bado mgonjwa au ananyonyesha, rukhsa ipo na atalipa baadaye.

Hatua ya 6: Vidonge pamoja na chungu

Hesabu yake ni hii. Nusu lita ya damu ikimwagika, mtu anapoteza zaidi kidogo ya miligramu 200 za chuma. Kutoka kwenye chakula cha kawaida mwili unanyonya kama miligramu 1 hadi 2 kwa siku, ukiongeza kidogo tu unapokuwa na upungufu. Chungu peke yake kitachukua miezi mingi, na mtoto yuko mgongoni. Ndiyo maana anapewa vidonge vya chuma na foliki asidi.

Avimeze kwa maji au maji ya machungwa, kamwe si kwa chai wala maziwa. Vikimtia kichefuchefu, amezee pamoja na chakula cha usiku alale navyo. Choo kitakuwa cheusi; asitishike, ni chuma kilichobaki. Kufunga choo kunatulizwa na maji mengi, papai na mboga. Vikishindikana kabisa arudi kituoni abadilishiwe, asivifiche chini ya godoro, maana navikuta.

Viwekwe juu, mbali na watoto. Vinafanana na peremende, na mtoto mdogo akivimeza vichache anaweza kufa.

Hatua ya 7: Pimeni tena

Rudini kupima baada ya wiki 4. Kama chakula na vidonge vinakwenda sawa, namba hupanda kwa gramu 1 au zaidi. Isipopanda, ulizaneni wenyewe kwanza kwa upole: vidonge vinamezwa kweli? Chupa ya chai imerudi kitandani? Kama majibu ni mazuri, mwambieni daktari atafute sababu nyingine, pamoja na minyoo na siko seli.

Namba ikifika 12 watu hufurahi na kuacha kila kitu siku hiyohiyo. Vidonge viendelee kama miezi 3 zaidi ili akiba ya mwilini ijae. Na ombeni ushauri wa uzazi wa mpango kwenye ziara hiyohiyo ya kituoni: inashauriwa ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine.