Ya kuzingatia kabla hujanunua springi na shokapu za gari lililonyanyuliwa

Gari lililonyanyuliwa halishangazi mtu Dodoma siku hizi. Prado, Hilux, Patrol na Land Cruiser Mkonga zenye matairi makubwa utazikuta zimeegeshwa Mji wa Serikali Mtumba siku za kazi, na Jumamosi utazikuta kwenye vumbi la Hombolo au zikielekea Kongwa shambani. Nyingi zilinyanyuliwa kwa njia ya mkato: spesa (vipande vya kuongeza urefu) mbele, shakeli ndefu (vyuma vinavyoshika ncha za springi) nyuma, basi. Zikianza kugonga na kuyumba ndipo mwenyewe anapoanza kuulizia springi na shokapu za maana. Akifika dukani anauliza, "Hizi zinanyanyua inchi ngapi?" Muuzaji anafurahi, kwa sababu swali hilo ni rahisi kulijibu. Cha kuanza nacho ni kilo.

Springi hutengenezwa kwa uzito fulani. Kampuni zinazotengeneza springi za magari ya porini, kama Old Man Emu ya Australia, huwa na springi zaidi ya aina moja kwa gari lile lile: za gari tupu, za mzigo wa wastani na za mzigo mzito. Ukifunga za mzigo mzito kwenye gari linalozunguka tupu, litasimama juu kama ulivyotaka, lakini nyuma litakuwa linarukaruka, tairi halishiki barabara, na abiria wa kiti cha nyuma watakuambia wanachofikiri. Ukifunga laini kwenye gari lenye bampa ya chuma, winchi na keria, zitakaa chini baada ya muda na zile inchi ulizolipia zitapotea.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, peleka gari kwenye mizani. Ghala la mazao au kiwanda cha mafuta ya alizeti chenye mizani ya magari kitakusaidia kwa hela kidogo ukiomba vizuri. Jaza tangi, weka vitu vinavyokaa garini siku zote, pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Halafu ongeza kwa hesabu yale unayopanga kufunga baadaye. Bampa ya chuma na winchi kwa pamoja zinaweza kufika kilo 100 au zaidi, na zote zinakaa mbele ya ekseli. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20, la dizeli ni kama 17. Hesabu kwa uaminifu mzigo wa kila siku, si wa safari moja ya mwaka unayoiota.

Mzigo wa msimu ni jambo jingine. Kama gari linabeba magunia ya mahindi wakati wa mavuno tu, usichague springi kwa ajili ya magunia hayo. Kwenye gari lenye springi za koili (zilizojiviringa) nyuma unaweza kuweka puto la hewa ndani ya koili, ukalijaza siku ya mzigo na kulipunguza siku nyingine. Kwenye pikapu ya springi za pleti (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) nisingeshauri puto: linasukuma chasisi katika sehemu moja, na pikapu za milango minne zilizojazwa mzigo nyuma ya ekseli zimewahi kupinda chasisi kwa namna hiyo. Ongeza pleti, au punguza magunia.

Pili, jua gari lako lina mbele ya aina gani, maana hapo ndipo kikomo cha urefu kinapopatikana. Prado, Fortuner na Hilux za kuanzia Vigo zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Ukipita inchi mbili hivi, ekseli ndogo za pembeni zinakaa kwenye pembe kali, mipira ya sivi joint (viungo vya ekseli hizo) inachanika, boli joint za juu (viungo vinavyoruhusu gurudumu kupanda na kugeuka) zinafika mwisho, na fundi wa alaimenti (anayenyoosha magurudumu) anakuambia hesabu hazikubali. Ndiyo maana wanaotaka zaidi ya hapo hulazimika kununua mikono ya juu mipya, yaani vyuma vinavyoshika gurudumu. Tena spesa ina ujanja wake: ya sentimita 2.5 ikikaa juu ya shokapu ya mbele hunyanyua gari karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono na gurudumu liko mwishoni. Fundi akikuambia "Bosi, tuweke spesa nyingine juu ya hii," katalia hapo hapo. Springi mpya ndefu juu ya spesa ya zamani ni kosa lile lile. Spesa itoke kwanza, ndipo upime urefu halisi wa gari.

Patrol Y61, Jimny ya ekseli ngumu (bomba moja linalounganisha magurudumu yote mawili) na Mkonga wa kuanzia 1999 wenye koili mbele vinavumilia urefu zaidi, lakini vina deni lao. Ukinyanyua, ekseli inazunguka kidogo na pembe ya kasta, ile inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati, inapungua. Porini hutaona kitu. Utaona kwenye lami ya Dodoma kwenda Singida, upepo unavuma kutoka pembeni na basi linakupita: gari linatangatanga na mikono haipumziki. Dawa ni bushi maalumu (mipira ya kwenye viungo) zilizotobolewa nje ya katikati au vibao vya kurekebisha kasta, na uulizie bei yake siku ile ile unayoulizia springi. Ile rodi ndefu inayozuia ekseli isiende pembeni nayo huisogeza ekseli upande mmoja gari likipanda. Ukizidi inchi mbili, panga kununua inayorekebishika.

Kuhusu shokapu, watu wengi wanadhani ndizo zinazobeba gari. Zinazobeba ni springi. Kazi ya shokapu ni kuzuia springi isiendelee kucheza, na kazi hiyo hugeuka joto. Barabara zetu za changarawe, zile zenye mawimbi madogo yanayotetemesha mpaka dashibodi, ndizo zinazoziua. Kati ya Itigi na Rungwa, sehemu zisizo na lami, shokapu haipati hata sekunde ya kupumzika. Mafuta ndani yake yanapata joto kali, yanachanganyika na gesi na kuwa povu, na pistoni inapita kwenye povu bila kuzuiwa. Gari linaanza kuelea, hasa kwenye kona.

Shokapu za mrija mmoja, kama za Bilstein, hutoa joto haraka kwa sababu mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja, na gesi imetengwa isichanganyike nayo. Udhaifu wake ni jiwe: ukuta ukibonyea, pistoni inaweza kukwama. Za mirija miwili zinavumilia kubonyezwa lakini zinapoa taratibu. Kwa mtu anayekwenda shamba na mara moja moja anapanda Kolo kuangalia michoro ya miambani, naona za mirija miwili zenye mwili mnene zinatosha kabisa. Zile zenye chupa ya mafuta pembeni ni nzuri, ila kabla hujazinunua uliza nani atazifungua na kubadilisha sili hapa nchini. Na kuna dawa isiyouzwa dukani: kwenye mawimbi shusha upepo wa matairi, tuseme kutoka psi 35 hadi 26 au 28, punguza mwendo, kisha jaza tena ukifika lami. Pampu ndogo ya upepo inakuwa sehemu ya bajeti ya shokapu.

Urefu wa shokapu ndio unaosahaulika kuliko vyote. Mwambie fundi atoe springi upande mmoja, apandishe ekseli kwa jeki mpaka igote mpira wake wa kikomo, apime. Kisha aishushe ining'inie, apime tena. Shokapu ikiwa ndefu mno itajikunja hadi mwisho kabla ekseli haijagota mpira, na kila shimo litapigwa na shokapu yenyewe mpaka ivunje kishikio. Ikiwa fupi, kila gurudumu linapoingia korongoni utasikia mgongano wa chuma. Magari mengi yenye spesa hugonga kwa sababu hiyo, na wenyewe wamekwishabadilisha bushi zote bila faida. Ekseli ikiwa imening'inia, angalia pia hozi za breki. Zikiwa zimekaza kama kamba, zibadilishwe kwa ndefu kabla ya kitu kingine chochote.

Tukiwa bado kwenye breki: Toyota nyingi za kazi zina vali nyuma inayohisi mzigo kwa kijifimbo kilichoungwa na ekseli. Gari likinyanyuliwa, vali inadhani halina mzigo na inapunguza breki za nyuma. Kishikio chake kinahitaji kusogezwa, kazi ndogo tu, lakini fundi asipoambiwa hataigusa. Utajutia hilo ukiteremka Sekenke na mzigo.

Usitarajie pia yasiyowezekana. Springi ndefu huinua bodi na chasisi. Difu ya nyuma, lile bonge la giya katikati ya ekseli, inabaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi, nalo kwa nusu ya ongezeko la kipenyo: kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16 unapata sentimita 1.3 tu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, gari refu hukwama sawa na fupi, na uzito wake ukiwa juu hulala ubavu kwa urahisi zaidi. Kwa matumizi ya huku kwetu inchi mbili ni nyingi vya kutosha. Nne ni za kupigia picha.

Ukienda kununua Kariakoo au kuagiza, chukua seti nzima ya mtengenezaji mmoja, yenye namba zinazolingana na gari na mzigo wako. Shokapu iliyotumika usinunue, hata iwe inang'aa. Seti nyingine huwa na springi moja ndefu kidogo ya upande wa dereva. Soma alama kabla fundi hajazifunga. Pesa zikiwa hazitoshi kwa vyote, bushi zilizokufa na hozi za breki zitangulie, springi na shokapu zifuate pamoja, winchi isubiri mwaka mwingine.

Kabla kazi haijaanza, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, uandike. Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira unakaa umejisokota na kuchanika mapema. Baada ya hapo alaimenti, na taa zishushwe, maana sasa zinawamulika wenzako machoni. Kaza tena yubolti (boliti za umbo la U zinazoshika springi za pleti) na nati zote baada ya kilomita 500 hivi, kisha rudia vile vipimo vinne gari likiwa kwenye sakafu sawa. Kulia na kushoto vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, rudi kwa muuzaji kabla risiti haijapotea.